Plasta juu ya taa

Leo nimeshinda Upper Hill, Nairobi, kwenye ofisi ya mawakili, na kilichonipeleka ni taa. Taa nyekundu yenye ukubwa wa punje ya mahindi, pembeni mwa simu ya mapokezi. Ikiwaka, ujue kuna mtu amekuachia ujumbe wa sauti. Nilipofika sikuiona. Ilikuwa imefunikwa na plasta ya kidonda, kingo zake nyeusi kwa vumbi.

"Mama, hii umeibandika lini?" nikamuuliza mama wa mapokezi.

"Desemba, mwanangu. Inawaka usiku na mchana. Nikibonyeza *97 nisikilize, naambiwa hakuna ujumbe. Ikanichosha."

Nilichomoa waya wa simu, nikauchomeka tena. Taa ilizima, lakini simu ilipojisajili tu kwenye seva, kompyuta inayoendesha simu za ofisi, ikawaka upya. Hapo nikaacha kuishuku simu. Kwenye simu za zamani za hotelini, taa ya neoni iliwashwa kwa umeme wa volti 90 hivi kupitia waya ule ule wa simu. Hizi za siku hizi husubiri kuambiwa na seva, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2004, RFC 3842: ujumbe upo au haupo, mpya mingapi, ya zamani mingapi. Nikanasa mazungumzo ya simu na seva kwenye mtandao. Seva ilikuwa inaiambia 17/0. Kumi na saba mipya, na hakuna hata mmoja uliosikilizwa.

Sasa hiyo 17 iko wapi, ikiwa mama hapati kitu? Nikafungua mipangilio ya Asterisk, programu ya simu iliyo kwenye seva, upande wa simu yake. Ekstensheni, yaani namba ya ndani ya ofisi, 101, sawa. Chini yake, sanduku la ujumbe ambalo taa inalifuata: mailboxes=114@default. Nikamuuliza 114 ni ya nani. Ilikuwa ya wakili aliyeondoka mwishoni mwa mwaka. Simu yake ndiyo iliyoletwa mapokezi, ikapewa namba mpya, lakini sanduku inalolichungulia likabaki lile la zamani. *97 hufuata namba ya anayepiga, kwa hiyo mama alikuwa akifungua sanduku la 101, huku taa ikimwonyesha la 114. Wala taa haikuwahi kusema uongo. Lililoniuma zaidi ni kwamba ujumbe wa 101 wenyewe haukuwa na taa hata kidogo. Anayehamisha simu ahamishe na sanduku lake, tena ajaribu kabla hajaondoka.

Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Nikaandika 101, nikapakia mipangilio upya, nikajiachia ujumbe kwa simu ya mkononi. Taa ikawaka. Mama akausikiliza, ikazima. Akabandua plasta mwenyewe, akakwangua gundi kwa ukucha.

Kuhusu ile 17, nilikataa kuifuta. Pia sikuisikiliza, kwa maana ni siri za wateja. Nilimwita meneja, akaketi na mama kwa kalamu na daftari, wakaweka spika sauti ya chini. Nikiwa nakunja nyaya nikasikia ujumbe wa kwanza: "Wakili, shikamoo. Nauliza ile kesi ya shamba itatajwa lini Milimani." Mama akaandika. Wa pili ulikuwa wa mtu mwingine. Wa tatu: "Wakili, ni mimi tena."

Meneja akasimamisha hapo hapo, akasoma namba kwenye daftari, akaanza kuipiga.