CD mbili nyeusi za Ami

PlayStation yetu, ile ya kwanza ya kijivu, miaka yake ya mwisho ilikuwa haisomi CD mpaka uipindue kichwa chini. Waliokulia Mombasa enzi hizo wanajua: lenzi ikichoka unaigeuza mashine, unaiegemeza na daftari, na mtu akipita sebuleni kwa kishindo gari linaganda katikati ya kona. Mwaka jana mwanangu aliiona juu ya kabati akataka niiwashe. Safari hii hata kupinduliwa hakukusaidia. Ila CD zilikuwepo, 14 ndani ya kopo la biskuti, nikasema basi nizihamishie kwenye kompyuta tucheze kwa emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nzima.

Nilidhani ni kazi ya ufundi tu, mpaka nilipozimwaga kitandani.

CD halisi za PlayStation ya kwanza zina tumbo jeusi. Zile za kuchomwa, yaani nakala zilizorekodiwa kwa kompyuta, zinameta fedha au kijani. Nilizigeuza moja moja, na nyeusi zilikuwa mbili tu, tena zote ni gemu moja: Gran Turismo 2, ambayo inakuja na CD mbili, moja ya mbio za kuingia na kutoka, nyingine ya kutafuta leseni na kununua magari. Ami yetu alituletea kutoka Muscat, ndani ya kasha lake na kijitabu. Zile 12 tulizinunua mjini kwa pesa za Idi, jalada lake karatasi ya fotokopi. Miaka yote hii nimekuwa nikisema "gemu zangu". Kulipa tulilipa, lakini aliyepokea ni mchomaji.

Mimi si wakili, ila niliketi nikaisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Gemu haizitaji kwa jina, inazungumzia programu za kompyuta: mwenye nakala halali anaruhusiwa kutengeneza nakala ya akiba, na uhalali wake wa kuwa nayo ukikoma, ile akiba nayo iharibiwe. Neno zito hapo ni "halali". Nikazirudisha zile 12 koponi, Tekken 3 ikiwemo, na iliniuma. Najua nikiitafuta halisi iliyotumika, Sony, wenye PlayStation, hawapati hata senti. Angalau nakala hiyo ililipiwa mara moja na mtu fulani, mahali fulani.

Zikabaki zile mbili. Kompyuta yangu haina sehemu ya CD, nikaazima kisomeo cha USB kazini. Jaribio la kwanza nilikosea: nilitengeneza faili ya ISO, nakala ya kawaida ya CD, gemu halikwenda. Sababu ni kwamba sekta moja ya CD, yaani kipande kimoja cha data, ina baiti 2352, na ISO ya kawaida inabeba 2048 tu. CD za PlayStation hutumia nafasi hiyo ya ziada pia kwa sauti na video, kwa hiyo unakuwa umeacha nyama nje. Inatakiwa jozi ya faili za BIN na CUE: moja ina data yote, nyingine inaeleza mpangilio wake. Nikarudia kwa kasi ndogo. CD ya leseni ikagoma karibu na mwisho. Nikaipaka dawa ya meno kidogo, nikaisugua kutoka katikati kwenda ukingoni (kamwe usizungushe), nikaisuuza, na mara ya tatu ikapita. Ningekuwa na mkwaruzo upande wa maandishi ningeshakata tamaa, maana data imelala chini tu ya maandishi hayo.

Watu wanaogopa emuleta yenyewe, na nafikiri wanaogopa pasipo penyewe. Sony waliishtaki kampuni ya Connectix kwa sababu ya emuleta yao ya Macintosh, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaona kwamba kunakili BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, ili kuichunguza na kuandika programu yao wenyewe yalikuwa matumizi ya haki, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenyewe. Baadaye Sony waliinunua programu ile wakaizima. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Mombasa, lakini hoja yake naielewa. Kesi ya Yuzu, emuleta ya mashine ya Nintendo iitwayo Switch, ni habari nyingine. Mwaka 2024 watengenezaji wake walikubali kuwalipa Nintendo dola milioni 2.4, na ugomvi ulikuwa juu ya kuvunja kufuli, kwani gemu za Switch zimesimbwa, yaani data yake imefichwa kwa msimbo.

CD ya PlayStation ya kwanza haijasimbwa. Ulinzi wake ni mtikisiko mdogo kwenye njia ya mwanzo ya CD, ambao kichomeo cha kawaida hakiwezi kuuiga. Mashine ikiukosa inakataa, kompyuta haiutafuti hata kidogo. Kwa hiyo aliyevunja kufuli nyumbani kwetu ni fundi aliyechomelea chipu ndani ya mashine ili ile fedha na kijani icheze. Tena tulimshukuru kwa soda.

BIOS ndiyo iliyonichelewesha. Ni ya Sony, na kuipakua kwa mtu nisiyemjua kungenirudisha kwa mchomaji yule yule. Nilitumia emuleta ya PCSX ReARMed, ambayo inaweza kufanya kazi na BIOS ya kuigiza iliyoandikwa upya. Kuna gemu zinazogoma hivyo. Langu lilikubali, na mwanangu alishindwa jaribio la kwanza la leseni mara tisa akanirushia padi.

Nikamtumia mdogo wangu video, yuko Doha.

"Kaka, nirushie hilo faili."

"Siwezi. Akiba inafuata CD, na CD ziko kwangu."

"Kwani Ami alikuletea wewe peke yako?"

Hapo alinikamata. Ami alisema ni ya wote wawili, na Mama alikuwepo. Nilikaa kimya siku mbili. Kisha akanipigia na suluhu yake: CD ni mbili, ndugu ni wawili, yeye achukue ile ya leseni, mimi nibaki na ya mbio, kila mmoja na akiba yake.

Anakuja Desemba. Kasha nimelihamisha kutoka kabatini.