Shingo ya gitaa iliyookwa: yaliyonikuta Arua

Gitaa langu la kwanza lilinifanya niuogope mwezi wa Januari. Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mvua zikikatika Desemba, upepo mkavu huingia na midomo hupasuka. Mbao nazo haziponi. Shingo yake ilikuwa ya mepo ya kawaida, mbao ngumu inayotumika sana kwa shingo za gitaa. Kila kiangazi ilirudi nyuma mpaka nyuzi zikawa zinakereza kwenye freti, vile vipande vya chuma vinavyokata shingo, na mvua za Aprili zikija inapinda mbele tena. Kila msimu nilikuwa na kazi ya kukaza na kulegeza chuma cha ndani ya shingo, na bado kanisani Jumapili sauti ilikuwa inanikimbia katikati ya wimbo.

Kisha binamu yangu akaniletea gitaa jingine kutoka Entebbe. Shingo yake ilikuwa na rangi ya kahawia kama karanga iliyokaangwa. Nilidhani imepakwa rangi. Nilipoikwangua kidogo pale inapoungana na mwili, nikakuta kahawia ile ile ndani. Mbao yenyewe ilikuwa imeokwa.

Kwa sisi tunaowajua wachoma makaa, jambo hili halina ugeni. Mchoma makaa hufukia magogo kwa udongo ili hewa isiingie, la sivyo moto utamwachia majivu. Mbao za gitaa nazo huokwa bila hewa ya kutosha kuwaka, ila joto linakomea mapema, mara nyingi kati ya nyuzijoto 160 na 220. Wafini, waliolikuza zoezi hili viwandani miaka ya 1990 kwa mbao za nyumba, hutumia 190 au 212. Katika joto hilo hemiselulosi, ile sehemu ya mbao inayopenda kunywa maji, huvunjika. Mbao hubaki nyepesi kidogo na haivuti unyevu kama zamani, ndiyo maana haivimbi wala kusinyaa sana.

Lakini hemiselulosi ndiyo pia inayoshikanisha nyuzinyuzi za mbao. Ikipungua, mbao inakuwa kavu na rahisi kuchanika. Hilo sikuambiwa na mtu.

Mwaka wa kwanza nilibadilisha funguo za kukazia nyuzi. Matundu mapya hayakulingana na ya zamani, nami nikaiingiza skrubu moja kwa nguvu ya mkono, kama nilivyozoea kwenye mvule na mbao nyingine zote. Nikasikia mlio mdogo, tak! Kichwa cha shingo kilikuwa kimepata ufa wa urefu wa kidole gumba. Niliumia sana.

Nikaweka gundi nyeupe ya seremala, nikabana, na baada ya saa moja nikafungua. Gundi ilikuwa bado mbichi. Jirani yangu, fundi wa samani aliyetokea Ariwara, aliitazama akasema, “Kaka, gundi hii inakauka kwa mbao kunywa maji yake. Mbao yako hainywi. Ipe muda.” Tukafuta yote kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, tukaacha pakauke, tukapaka upya, tukiupanua ufa taratibu kwa ncha ya wembe ili gundi ifike chini. Safari hii kibano kilikaa siku nzima, usiku na mchana.

Kwa skrubu zilizobaki nilitoboa kwanza kwa keekee, kwa kipenyo cha kiini cha skrubu bila meno yake, kisha nikaisugua skrubu kwenye mshumaa. Zikaingia bila kulazimishwa.

Mtu asidhani gitaa zima halisogei. Ubao wa vidole juu ya shingo yangu haukuokwa, na kiangazi cha kwanza ulisinyaa hadi ncha za freti zikaanza kukwaruza kiganja. Nilizipiga tupa ndogo, yakaisha. Na gitaa hili siliachi likalaliwa na mizigo ndani ya basi la Kampala, kwa sababu shingo ya aina hii ikigongwa vibaya inakatika.

Huu ni mwaka wa tatu. Januari hii nimeweka rula ya chuma juu ya freti, na nafasi iliyo chini yake ni ile ile niliyoipima Oktoba mvua zikinyesha. Chuma cha ndani sijakigusa. Ufa nao umefunga. Nikipitisha ukucha juu yake, haukwami.