Usimbebeshe aliyeumizwa hatia yako

Mazungumzo ya ubaguzi kati ya watu wa rangi tofauti mara nyingi huharibikia mahali pamoja. Aliyebaguliwa anasimulia, msikilizaji anajihisi mwenye hatia, anaanza kulia au kujitetea, na mara aliyeumizwa ndiye anayebembeleza. Hapo mada imeshahama.

Kujihisi hatia si kubaya, ila machozi yapeleke kwa rafiki mwingine. Kwa uliyemkosea, taja kitendo chenyewe: "Walipokutania kuhusu ngozi yako nilicheka, sikukukingia kifua. Nisamehe." Kisha nyamaza. Ukiongeza "lakini sikukusudia," umeshafuta yote. Wala usidai msamaha papo hapo. Anaweza kukaa mwaka mzima, au asikusamehe kabisa, na ni haki yake.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyochunguza maovu ya enzi ya utawala wa ubaguzi wa rangi na kuanza vikao vyake mwaka 1996, haikumlazimisha mwombaji wa msamaha wa kisheria kuonyesha majuto. Ilimtaka aeleze kila alichotenda. Wengi liliwauma hilo, nami nawaelewa. Hata hivyo, maelezo kamili humfaa aliyeumizwa kuliko kwikwi.

Anayesimulia naye aseme mapema anataka nini: kusikilizwa tu, au hatua ichukuliwe.