Kabla ya Kuihukumu Kadi ya Michoro

Wasanifu majengo na wapimaji ardhi ninaowahudumia hapa Kampala wana kawaida moja: mistari ikianza kucheza kwenye skrini ya AutoCAD, programu wanayochorea kazi zao, au kishale kikiacha alama kila kinapopita, hukumu huwa imeshatolewa kabla fundi hajafika, kwamba kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayoandaa picha ya skrini, imekufa na inunuliwe nyingine. Kadi hufa kweli, hasa zile zilizokaa miaka mingi katika joto na vumbi, lakini kwa niliyoyaona hiyo ndiyo sababu ya nadra, na ndiyo yenye gharama kubwa kuibahatisha.

Kadi inayokufa kwa kawaida haichagui programu. Mara nyingi huonyesha vijisanduku vya rangi au michirizi hata kompyuta inapowaka, kabla Windows haijafunguka. Ikiwa ubovu unaonekana ndani ya programu ya uchoraji peke yake, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, kisha uifungue picha hiyo katika kompyuta nyingine. Ubovu ukiwamo ndani ya picha, umetokea wakati mchoro ulipokuwa unaandaliwa, na wa kuchunguzwa ni programu, draiva (programu ndogo inayoiendesha kadi) au kadi. Usipokuwamo, chunguza waya na skrini yenyewe. Jaribio hili halina gharama yoyote.

Hatua inayofuata ni kuandika amri ya GRAPHICSCONFIG na kuzima uharakishaji wa maunzi, ili AutoCAD iache kuitegemea kadi. Mistari ikitulia, umejua upande wa kutafuta, lakini hujatibu kitu. Ofisi nyingi huishia hapo na kuiacha kompyuta katika hali hiyo, halafu zinalalamika kwamba michoro ya pande tatu imekuwa mizito. Aidha, yako mambo ambayo kadi haihusiki nayo kabisa. Mduara unaoonekana kama umbo la pembe nyingi huhitaji amri ya REGEN tu, inayouchora upya, au kuongezewa namba ya VIEWRES, inayopanga ulaini wa miduara. Nyuso mbili za ukuta zilizochorwa mahali palepale zitamemetuka unapozungusha jengo, hata ukinunua kadi ya bei gani, kwa sababu programu haina namna ya kuamua uso upi uko mbele.

Sababu ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa inatuhusu sana sisi tunaoishi juu ya mstari wa ikweta, ni koodineti, yaani namba zinazotaja mahali kitu kilipo. Michoro ya upimaji hapa Uganda huja kwa kawaida katika mfumo wa ramani wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda na ambao, kuelekea kaskazini, huhesabu mita kutoka ikweta. Kiwanja cha Kampala, kilicho katika kanda ya 36 Kaskazini, huwa na namba za karibu 453,000 kuelekea mashariki na 35,000 kuelekea kaskazini. Ukivuka ikweta pale Kayabwe ukaenda Masaka, unaingia kanda ya 36 Kusini, ambako ikweta yenyewe hupewa namba 10,000,000 ili kuepuka namba hasi, na kiwanja cha mjini Masaka husomeka karibu 360,000 na 9,962,000.

AutoCAD huhifadhi namba hizo kwa usahihi wa takriban tarakimu 15, na hivyo faili lenyewe halina kosa. Kadi za michoro, kwa upande wake, kwa kawaida huchora kwa namba fupi zenye uwezo wa takriban tarakimu 7. Katika namba hizo fupi, hatua ndogo kuliko zote inayowezekana karibu na 453,000 ni sentimita 3 hivi. Karibu na 9,962,000 hatua hiyo ni mita nzima. Programu hujitahidi kupunguza kosa hilo, kila moja kwa njia yake, na ndiyo maana mchoro uleule unaweza kutulia katika programu moja na kutetemeka katika nyingine. Msanifu akivuta karibu kuchora fremu ya dirisha, mistari inarukaruka, michirizi ya kujazia kuta inavunjika, naye anaipigia simu duka la kompyuta.

Kuna na kisa kingine cha aina hiyohiyo: mchoro wenye vipande viwili, kimoja cha 36 Kaskazini na kimoja cha 36 Kusini. Vipande hivyo hutengana kwa kilomita 10,000 ndani ya faili, na ukiamuru ZOOM EXTENTS ili uone mchoro mzima, unabaki na skrini inayoonekana tupu.

Kubadilisha UCS, yaani mahali mtumiaji anapoanzia kuhesabu koodineti, hakusaidii, kwa kuwa vitu hubaki palepale vilipo. Kinachosaidia ni kutengeneza nakala ya faili la mpimaji, kuuhamisha mchoro wote kwa MOVE hadi karibu na sifuri kwa kutumia namba nzima, kwa mfano 360,000 na 9,962,000, na kuziandika namba hizo waziwazi ndani ya mchoro ili kazi irudishwe mahali pake inapokwisha. Faili la asili lisiguswe, maana mipaka ya ardhi ya watu imo humo.

Ikiwa koodineti ni ndogo na tatizo lipo bado, sasa ndipo tuiangalie kompyuta. Laptopu nyingi zina kadi mbili, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa na ile kubwa ya NVIDIA au AMD, na mara nyingi AutoCAD hukutwa inatumia ile ndogo. Dirisha la GRAPHICSCONFIG hutaja jina la kadi inayotumika. Ikiwa siyo ile kubwa, nenda kwenye mipangilio ya michoro ya Windows, uongeze acad.exe, ambayo ndiyo AutoCAD yenyewe, na uichagulie utendaji wa juu. Kwa kompyuta ya mezani, hakikisha kwanza kwamba waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mama.

Wenye kadi ya ndani peke yake wahesabu vijiti vya RAM, kwa sababu kadi hiyo haina kumbukumbu yake, bali hutumia RAM ya kompyuta. Kwa AutoCAD 2022, Autodesk, kampuni inayoitengeneza, ilitaka angalau gigabaiti 29 kwa sekunde kati ya kadi na kumbukumbu. Kijiti kimoja cha RAM cha aina ya DDR4-2400 hutoa 19.2, viwili vinavyofanya kazi sambamba hutoa 38.4. Kijiti cha pili ni rahisi kuliko laptopu mpya, na sioni kwa nini wauzaji hawaulizwi swali hili.

Kuhusu draiva, iondoe iliyopo kikamilifu kisha uweke ile ya mtengenezaji, hasa kama ubovu ulianza baada ya Windows kujisasisha. Ukikuta kadi inaitwa Microsoft Basic Display Adapter, basi haina draiva yake kabisa. Umeme ukikatika, laptopu inayotumia betri hupunguza nguvu ya kadi, kwa hiyo usipime chochote kabla ya kurudi kwenye chaja. Kadi ya mezani ikishapita yote haya na bado inaharibu picha, ichomoe uijaribu katika kompyuta ya jirani kabla ya kutoa pesa.