Kupandisha maji ya ziwa mpaka Mwanga, kwa laptopu

Kuna programu inaitwa EPANET, ya bure kabisa, ilitolewa mwaka 1993 na EPA, wale wa serikali ya Marekani wanaosimamia mazingira, na siku hizi ndo mchezo wangu wa jioni umeme ukiwepo. Unachora mabomba, unaweka pampu, tenki, valvu, kila maungio unayapa mwinuko wake na maji wanayotumia watu wa hapo, ukibonyeza inakokotoa presha mtaa kwa mtaa, saa kwa saa.

Kwa Kigoma yetu nimeanza na ziwa. Kwenye programu chanzo cha maji ni alama tu isiyokauka, na Tanganyika kweli iko hivyo, kina karibu mita 1,470 nani atalimaliza? Ishu ni kuyapandisha. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, mji wenyewe vilima vitupu, na kila ukipanda mita 10 unapoteza presha kama bar moja, kwahiyo pampu inayomtosha mtu wa chini kule stesheni, mtu wa Mwanga kule mlimani anaisikia tu.

Ila kilichonishtua ni bomba. Punguza kipenyo kiwe nusu, bado utake maji yaleyale, presha inayoliwa na msuguano inapanda karibu mara 29, siyo mara 2 jamani! Mtaa unaongezeka nyumba, kila fundi anamuunganishia mteja wake kwenye kile kile kibomba cha inchi moja cha jirani, halafu lawama zote kwa pampu.

Na programu nayo isikudanganye. Zamani iliamini kila mtu anapata maji yake hata presha ikishuka chini ya sifuri, yaani nyumba ya juu inaonekana inachota vizuri kumbe koki inapuliza upepo. Toleo la 2.2 la 2020 ndo limeleta hesabu ya maji kufuata presha, chagua PDA (ndo hiyo ya kufuata presha) uachane na DDA (ile ya zamani).

Afu vitabu vinasema watu wanachota sana asubuhi na jioni. Kwenye mgao hiyo haipo, yakitoka saa nane usiku watu wanaamka, ndoo, madumu, simtanki, koki wazi mpaka yakatike. Kwahiyo simtanki naziweka kama vitenki mwisho wa kila laini, na hapo picha inabadilika kabisa, wa bondeni wanajaza kwanza, wa mlimani wanasubiri. Mwenye GPS ya maana ya kupimia mwinuko Gungu mpaka Ujiji anicheki, hizi data za satelaiti zinakosea mita kadhaa na kwa vilima vyetu mita kadhaa ni nyingi.