Jicho Langu Baada ya Chanjo

Siku ya nane baada ya kuchanjwa chanjo ya Uviko-19, Agosti 2021, niliamka jicho la kulia likiniuma kwa ndani, maumivu mazito yanayopanda hadi kwenye nyusi, na nilipofungua dirisha mwanga wa asubuhi ulinichoma hadi machozi yakanitoka. Halikuwa na tongotongo wala halikuwasha, na wekundu ulikuwa umejikusanya kulizunguka lile duara la rangi la katikati. Katika duka la dawa la mtaani niliambiwa ni macho mekundu ya kawaida, nikauziwa matone ya antibayotiki, nikayatumia siku tano bila nafuu yoyote. Siku hizo tano ndizo zinazonifanya niandike.

Daktari wa macho aliniwekea kidevu kwenye mashine yake, akamulika jicho kwa mwali mwembamba, akanyamaza kwa muda. "Dada, hili si la juu ya jicho, liko ndani," alisema. Alichokiona ni chembe nyeupe za damu zikielea kwenye maji ya jicho, mfano wa vumbi linaloonekana kwenye mwali wa jua unaopenya tundu la bati. Huo ni uvimbe wa uvea, yaani tabaka lenye mishipa mingi ya damu ambalo sehemu yake ya mbele ndiyo inayolipa jicho rangi. Kitaalamu huitwa uveitisi. Mboni yangu ilikuwa imeanza kupoteza uduara wake kwa sababu ukingo wake ulikuwa unagandamana na lenzi, na hali hiyo ikiachwa huweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Nilipewa atropini ya kuitanua mboni na matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kila saa mwanzoni, kisha yakapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki sita. Naomba mtu asijinunulie matone hayo mwenyewe, kwani kama kilichomo jichoni ni kidonda cha virusi vya malengelenge, steroidi hukizidisha.

Je, chanjo ndiyo iliyosababisha? Taarifa za uveitisi baada ya chanjo zipo tangu kabla ya Uviko-19, zikiwemo za chanjo za homa ya ini B, mafua na HPV (virusi vya saratani ya mlango wa kizazi), na maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba kinga ya mwili iliyoamshwa huweza, kwa watu wachache, kulidhania jicho ni adui na kulishambulia. Nchini Kanada, katika msimu wa mafua wa 2000 hadi 2001, watu wengi waliochanjwa walipata macho mekundu pamoja na kikohozi au uvimbe wa uso ndani ya saa 24, dalili ambazo kwa kawaida ziliisha zenyewe. Huo ulikuwa ugonjwa tofauti na wangu, lakini ulifahamika kwa sababu watu waliripoti. Hata hivyo, uveitisi huwapata pia wasiochanjwa kabisa, kutokana na kifua kikuu, kaswende, mkanda wa jeshi au magonjwa ya viungo, na ndiyo maana nilipimwa damu na kupigwa picha ya kifua kabla ya jambo lolote kuandikwa. Vipimo havikuonyesha kitu. Daktari aliandika "inawezekana", neno ambalo naliona la haki, na taarifa ikapelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.

Ndugu zangu wawili walitaka nikae kimya, wakihofia kwamba watu wataikimbia chanjo. Sikukubaliana nao. Surua humpofusha mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, na rubela humpata mtoto tumboni akazaliwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo anayejali macho ana kila sababu ya kuitetea chanjo. Lakini mgonjwa anayeficha tarehe aliyochanjwa anamnyima daktari habari anayoihitaji.

Mwaka uliofuata nilichanjwa tena, nikiwa nimemwarifu daktari mapema. Baada ya wiki mbili aliniwekea kidevu kwenye mashine ile ile, akamulika, na maji ya jicho yalikuwa safi.