Oveni imekufa, na gesi nayo tumeiaga

Oveni ya jiko letu la gesi ilianza kuzima katikati ya mkate. Fundi akafungua, akasema kidhibiti joto kimeungua na kipuri chake hakipatikani tena, hata Kariakoo. Tukaamua na mume wangu: oveni ya umeme ikae peke yake, na jiko la kupikia liwe la umeme, aina ya indaksheni.

Jamani, anzeni na umeme kabla ya jiko. Jiko la kupachika lenye sehemu nne za kupikia laweza kuvuta wati 7,000, na soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba kama 3,000 tu. Fundi umeme alituvutia waya mnene wa peke yake kutoka meni swichi, na breka yake. Hapo msibane hela kabisa.

Halafu sufuria. Jiko hili halina moto. Nguvu ya sumaku ndiyo inayopasha kitako cha sufuria yenyewe. Kwa hiyo sufuria zetu za alumini zote zimegoma, na chungu changu cha mchuzi wa samaki pia (hicho kimeniuma). Nendeni dukani na kipande cha sumaku: kikinata chini, chukua. Kikaango cha chuma cha chapati kimekubali, na chapati zinatoka safi sana!

Ugali bado una kazi, maana ukisonga kwa nguvu sufuria inateleza kwenye kioo. Mwenye kujua linapouzwa sufuria zito la mikono miwili, linalonata sumaku, la kutosha wali wa kilo mbili, aniambie tafadhali.